Kipande cha Kitinda

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama mpelekee sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaingia kwenye habari utaisahau. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini kabla hujauliza, nakula. Msalimie shemeji. Mwambie mpwa wangu mkubwa kuwa vile viatu alivyoniagiza nimeviona dukani na sijamsahau.

Nimehamishwa. Sipigi tena picha za magazetini. Nimetiwa kwenye chumba nyuma ya wizara ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbegu, na mpaka leo panya hawajapata taarifa kwamba mbegu zimeondoka. Kuna meza ndefu yenye taa chini ya kioo, mkasi, gundi, na kispika kisichozidi kopo la maziwa. Kazi yangu ni kukata filamu. Mwenyekiti anasema kanichagua kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Usicheke. Nchi yetu kwa umri ni ndogo kuliko mwanao wa kwanza, lakini mwezi wa Sita inaandaa Tamasha la Kimataifa la Filamu. Wageni watatoka kila pembe ya dunia kuja kuuona utamaduni wetu, na sisi wenye utamaduni hatuna filamu hata moja ya kuwaonyesha.

Ndipo Mwenyekiti wa tamasha akaandika barua ng'ambo. Unamjua, ni yule aliyekuwa akisoma taarifa ya habari redioni kwa sauti ya kutisha watoto. Wiki iliyopita makopo yakafika. Ni filamu iliyopigwa wakati wa vita na wageni waliokuwa wakiandamana na jeshi la wale waliotutawala. Tumeruhusiwa kuikata upya: tuondoe vita, tubakize masoko, mashamba, wasuka mikeka, watoto wakienda shule. Mwenyekiti anasema hatukuwaalika watu waje kuangalia vidonda vyetu.

Sasa sikia. Kopo moja lina jina la mji wetu. Sijalifungua, zamu yake haijafika. Lakini dada, kama wale watu walipita sokoni hata mara moja, unadhani Kitinda angekosa kujipitisha mbele ya kamera? Mdogo wetu yule, aliyekuwa akijitazama hata kwenye kijiko? Mwambie Mama. Mwambie huenda tumempata.

Mdogo wako.


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mama naye kaitikia. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la saruji, maana posta yetu ina jengo jipya na bendera, bado mtu wa kukaa ndani tu. Shemeji yako mzima ukiacha mgongo. Watoto wazima. Mimi cherehani haipumui, nashona sare za shule mbili kwa pamoja. Habari za viatu zimeleta vita humu ndani, ungeuliza kwanza kabla ya kuahidi.

Mama nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilipofika pale pa Kitinda aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie tena, polepole. Siku wale walipoondoka na kuchoma mtaa wetu tulitoka na Mama, cherehani na sufuria moja. Sijui kama unajua, wewe hukuwepo, ulikuwa masomoni. Hatuna picha hata moja ya Kitinda. Mama hajawahi kulia kwa sababu hiyo mbele yangu, lakini siku ile alisema, "Pua naikumbuka. Mdomo umeanza kunitoka." Nikaenda nje nikajifanya naanua nguo.

Sasa mji mzima unajua. Wa kwanza kuambiwa alikuwa Mama Mwalimu. Tangu mumewe, yule mwalimu, achukuliwe na jeshi la wale asirudi, na wiki ile ile Kitinda akaokotwa darajani amekufa, wale wawili wamekuwa kama ndugu. Kila asubuhi anakuja kumtia Mama dawa ya macho. Mimi siwezi. Kitambaa nakimudu, jicho la mtu linanitetemesha mkono. Yeye anamwinua kidevu, matone mawili, kwisha. Bado anaupaka mlango wake rangi ya kijani kila mwaka kama alivyokuwa akifanya marehemu kwa rangi iliyobaki shuleni, na Jumapili anapita kwenye mzunguko wa barabara kulipangusa jiwe la mashujaa. Jina la mwalimu na la Kitinda yamefuatana, anayapangusa yote mawili.

Mama hajambo. Macho yanamsumbua kidogo, ni uzee. Lifungue hilo kopo upesi, halali mtu humu.

Dada yako.


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi imenifika shingoni. Nilikuwa na mafua, yamepona. Wasalimie wote.

Nimeliangalia kopo la mji wetu mwanzo hadi mwisho. Kuna soko, kuna ule mtaa wa wauza vyungu, kuna fundi baiskeli akiwa kijana mwenye nywele. Kitinda hayumo. Mpe Mama pole. Mwambie filamu yenyewe ni fupi na imechakaa, hata waliomo hawajulikani vizuri.

Nasikia Mwenyekiti anapanga kualika wazee kutoka miji iliyopigwa picha wawe wageni wa heshima. Mwaliko ukifika kwenu, mkatae. Safari ni ya siku mbili kwenye basi, Mama hataiweza.

Mdogo wako.


6 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mgongo wa shemeji yako uko vile vile. Mtoto wa pili ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga miluzi anapoongea.

Nimekulea mimi Mama alipokuwa shambani, kwa hiyo tusidanganyane. Ukisema uongo unafupisha. Ulipovunja taa ya jirani ulisema maneno mawili tu, "Nimekuta imevunjika," ukaenda kulala mchana kweupe. Barua yako ya mwezi uliopita ingeenea nyuma ya stempu. Kuna nini kwenye hilo kopo?

Mama sikumsomea. Na hata ningemsomea isingesaidia, kwa sababu mkuu wa wilaya amekuja mwenyewe na kadi ya mwaliko, yenye nembo na maandishi ya dhahabu, akaisoma mbele ya majirani. Mama ameshaamua. Ameniomba nimshonee gauni. Anaruhusiwa msindikizaji mmoja, na Mama Mwalimu amejitolea. Mimi nimesema nina sare za kumaliza.

Sare nitazimaliza wiki ijayo. Nakwambia wewe tu. Kama mdogo wetu yumo, sitaki kuwa pale atakapotokea, na sijui ni kwa nini naogopa. Niambie.

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Yumo. Anaonekana wazi, sura nzima, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Dada, hajakaa mahali pa kuonekana. Nakuomba usiniulize zaidi ya hapo kwa barua. Nilipomwona nilizima taa ya meza nikakaa gizani, halafu nikaiwasha nikamwangalia tena, na tena, mpaka mfagiaji akabisha hodi.

Nimemkata. Haikuwa shida, kwa kuwa agizo lenyewe ni kuondoa askari wote, na yeye yuko pamoja nao. Mahali pake nimeweka ng'ombe wakinywa maji. Kwenye filamu picha iko mkanda wake na sauti mkanda wake, kwa hiyo ng'ombe wanakunywa na soko linaendelea kupiga kelele, mtu hawezi kujua. Mwenyekiti aliipenda sana. Alisema ng'ombe wale wana amani.

Mkanda wa sauti sikuukata. Kuna anachosema pale, maneno machache. Ningekata, kelele za soko zingeruka na Mwenyekiti angeuliza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine ni kwamba anaanza kwa kile kikohozi chake, unakikumbuka, alikuwa hawezi kufungua mdomo bila kukohoa kidogo kama mzee anayetaka kutoa hotuba. Nilishika mkasi nikashindwa. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Nimeipunguza mpaka kwenye kispika changu haisikiki kabisa.

Kwa hiyo mwache Mama aje. Atatazama soko, atatazama ng'ombe, hatamwona, atasikitika, atarudi nyumbani. Huzuni hiyo ameshaizoea.

Mdogo wako.


14 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia mbio. Basi la wilaya limeondoka nao asubuhi hii. Mama kavaa gauni la bluu nililomshonea, Mama Mwalimu kambebea chupa ya dawa kwenye mkoba. Barua yako nimeipata. Sikuulizi.

Kuna jambo nilikuficha. Mama haoni. Si kidogo, haoni kabisa, tangu mwaka jana. Dawa ni ya kupunguza maumivu tu. Alinikataza nisikuambie kwa kuwa ungeacha kazi ukaja kukaa hapa kumwangalia, na yeye anajivunia sana kazi yako. Anakwenda huko si kumtazama Kitinda kwa macho yake. Anataka Mama Mwalimu amwambie: sasa yuko hapa, mdomo wake uko hivi.

Basi msaidie. Usimkalishe nyuma. Mkalishe karibu na spika asikie vizuri, masikio yake siku hizi yanachukua hata hatua za paka.

Dada yako.


9 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 14 Juni imenifikia leo. Wageni walishaondoka, na vijana wa wizara wanakunja bendera. Kama ingewahi! Lakini nisimsingizie dereva wa lori. Mimi ndiye niliyeacha ile sauti.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Basi lao lilichelewa, wakaletwa moja kwa moja ukumbini. Ni lile ghala la zamani la pamba, limepakwa chokaa, viti vyekundu vimeazimwa hotelini. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye nyusi, puani, mdomoni. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, watu wanaangalia." Dada, mimi mwanawe, kazi yangu kutazama picha kutwa nzima, na sikuona kwamba haoni. Nilidhani ni hamu tu. Wageni wa heshima walikaa mstari wa mbele. Spika za pale ni kubwa kama makabati, na moja ilikuwa kando yake kabisa.

Taa zikazimwa. Lilipoanza soko letu nikamsikia Mama Mwalimu akimnong'oneza: huyu ni fundi baiskeli, ile ni kona ya vyungu. Wakatokea ng'ombe. Akasema, "Sasa ni ng'ombe, wanakunywa maji." Na katikati ya ng'ombe Kitinda akakohoa.

Mama alisimama kabla hata hajasema neno. Alipiga ukelele, "Huyo! Huyo ni mwanangu! Kitinda! Niko hapa!" Alikuwa anacheka. Hujawahi kumsikia akicheka vile tangu vita, wala mimi. Na Kitinda akaendelea, kwa sauti iliyojaa ghala zima: "Ni pale. Mlango wa kijani. Yumo ndani, nimemwacha anasahihisha madaftari."

Ndivyo alivyosema. Nilikuwa nayajua maneno hayo tangu Aprili.

Wageni hawakuelewa kitu. Wenyeji walisikia mtu akielekeza nyumba. Mwenyekiti akakimbilia kipaza sauti, akawaeleza kwamba mama wa shujaa wetu amesikia sauti ya mwanawe aliyekufa, na ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi. Waziri alimkumbatia. Msichana akaleta maua. Mama aliyashika, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka, mdomo umebaki wazi. Mama Mwalimu hakusimama. Mkoba ulikuwa mapajani, na kwa mkono mmoja alikuwa amemshika Mama gauni kwa nyuma asije akaanguka.

Sikuwafuata. Walilala hosteli ya wizara na asubuhi wakapandishwa basi, mimi nilituma mtu awapelekee chakula cha njiani. Gazeti limetoa picha ya Mama na maua ukurasa wa kwanza. Filamu imeombwa kwenye matamasha mengine mawili ng'ambo, na Mwenyekiti ameniagiza niikuze ile sauti, isikike vizuri zaidi.

Wamefikaje?

Mdogo wako.


1 Agosti

Mdogo wangu,

Wamefika. Mama Mwalimu alimshusha kwenye basi, akamleta mpaka mlangoni, akamkabidhi mkono wake kwenye mkono wangu. Akasema, "Nimemrudisha." Akaenda kwake. Maua yalikuwa yamekauka na Mama alikuwa bado ameyashika, nilimfungua vidole kimoja kimoja.

Mama hali chakula cha kutosha. Mji unakuja kumpongeza. Jana amekuja mwalimu mkuu mpya kuomba shule ipewe jina la Kitinda, nikasema Mama amepumzika. Nimechoka kusema Mama amepumzika. Nina hasira na wewe, nina hasira na huyo Mwenyekiti wako na ng'ombe wake wa amani, na zaidi nina hasira na yule mtoto, ambaye siwezi kumfikia nimzabe kofi.

Sasa nikwambie jambo la ajabu. Asubuhi ya kesho yake baada ya kufika, Mama Mwalimu alikuja kama kawaida. Akabisha hodi, akaosha mikono, akamwinua Mama kidevu, akatia dawa. Kesho kutwa yake hivyo hivyo. Nilikuwa nasimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, siwezi kukaa wala kutoka.

Mpaka juzi Mama akasema, mbele yake, uso ukiwa bado juu, "Kaka mtu ndiye aliyeona. Mwandikie umwulize. Mwanangu alikuwa amefungwa mikono?" Mama Mwalimu alikuwa ameshika chupa hewani. Hakutia tone la pili mpaka Mama alipomaliza. Halafu akatia, akafunga kizibo, akaondoka.

Unaelewa Mama anauliza nini. Kama walimfunga, basi walimlazimisha, na anaweza kuendelea kuwa mama yake mbele ya yule mwanamke. Hana kingine anachotaka hapa duniani. Wewe peke yako ndiye unayejua. Andika.

Dada yako.


23 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hatujambo huku.

Alikuwa amefungwa. Mikono nyuma, kwa kamba. Msomee Mama.

Kile kipande nimekichoma.

Mdogo wako.


17 Septemba

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Watoto wamefungua shule na viatu havijafika, lakini hilo halijalishi tena, miguu yenyewe imeshakua.

Barua yako iliposhushwa kwenye lori Mama Mwalimu alikuwa ndani, ameshaosha mikono. Nilitaka kuificha. Mama alisikia nikipasua bahasha, akasema soma hapa hapa. Nikasoma. Ilikuwa fupi mno, nilipoifungua tu nilijua ina nini, ila nikasoma kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeamini.

Mama alilia. Alisema, "Asante Mungu, asante Mungu," akanyoosha mkono kumtafuta mwenzake. "Umesikia? Walimfunga. Walimfunga mwanangu."

Mama Mwalimu alimwachia mkono wake aushike. Akasema taratibu kabisa, hana hata hasira, "Mimi nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Alinyoosha mkono akawaonyesha mlango wetu."

Cherehani ilikuwa mbele yangu, nikawa natazama sindano.

Mama akamwuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na miaka yote hii unakuja?"

"Nilikuwa nakuja kwa mama aliyefiwa na mtoto, hajui kitu. Huyo niliweza kumhudumia. Nilijiambia, ana lake na mimi nina langu, tutazeeka hivi hivi. Hata kule ukumbini nilisema, labda hakuyashika maneno. Nikaendelea kuja. Lakini sasa unajua, na mmeanza kunitafutia kamba za mikono yake." Akaweka chupa juu ya cherehani yangu. "Matone mawili. Kidevu kiwe juu, asikaze shingo." Akajifuta mikono, akatoka, akaurudisha mlango polepole kama anavyofanya siku zote.

Hajarudi. Nilimpelekea maji ya kunywa bomba lao lilipokatika, akayapokea, akanishukuru, akanirudishia ndoo ikiwa imeoshwa. Jumapili nilipita kwenye mzunguko. Jina la mwalimu linang'aa. La mdogo wetu lina vumbi. Nilisimama na kitambaa mkononi nikashindwa kulipangusa, nikarudi nacho nyumbani.

Mama anaamka saa ile ile. Anasikia hatua barabarani, anainua uso, anasubiri. Ni mimi tu nakuja na chupa. Najaribu, lakini mkono unatetemeka, dawa inamwangukia shavuni na shingoni, na macho yamevimba, usaha umeanza. Halalamiki. Lawama amekuwekea wewe.

Hukukichoma kile kipande. Aliyeshindwa kukata sauti hawezi kuchoma sura. Kiko kwenye droo yako, na unakitazama. Sikulaumu kwa uongo wako, mimi ndiye niliyekuomba bila kusema. Lakini usituandikie tena.

Nilimwuliza Mama nikuambie nini. Alijifuta dawa iliyomwangukia shavuni. Halafu akasema, "Mwambie aje aniwekee dawa yeye. Mkono wake hautetemeki. Si ndio aliotumia kumkata ndugu yake?"

Dada yako.